Nahamia Iringa na mtaji wa milioni sita: steshenari karibu na chuo inalipa, au nitajuta?

Mhamaji wa Mbagala

Habari za jioni wakuu. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari, amepata uhamisho kwenda Iringa mjini, anaripoti mwezi wa nane. Mimi nimechapa na kudurufu kwenye duka la mtu hapa Mbagala miaka sita, nimechoka. Nina milioni sita, mashine moja ya fotokopi ya mtumba ambayo naijua hadi mifupa, na mtoto wa miaka mitatu ambaye hajawahi kuvaa sweta.

Kuna dalali ametutumia picha za fremu Kihesa. Anasema ni mita mia tatu kutoka geti la chuo, laki moja kwa mwezi, miezi sita mbele na yeye mwezi wake mmoja. Anadai nisipotuma hela wiki hii inachukuliwa. Wakati huohuo shemeji yangu yuko Mbeya, ananiambia Iringa ni mji wa kulala, nifungue biashara kule kwake niwe nakuja kwa familia mwisho wa wiki.

Naombeni wenyeji mnisaidie. Biashara ya kutegemea wanachuo ikoje huko? Na maisha yenyewe, mtu wa joto atayaweza?

Kiazi Mviringo

Mkuu, ukikaribishwa ulanzi, ile pombe ya mianzi, mara ya kwanza, kunywa ukiwa umekaa na usimame polepole. Mengine watakuja kukujibu wenye biashara zao.

Mama Doramu

Kamwene baba. Usitume hela kwa dalali. Soma hapa kwanza, ukimaliza kama bado mkono unawasha, tuma.

Mimi nami nilikuja. Nilitoka Morogoro mwaka 2015 kumfuata mume, kama wewe unavyomfuata mke, na steshenari yangu iko Kihesa mwaka wa tisa sasa. Ukihesabu vizuri utaona kuna mwaka umepotea hapo katikati. Ndio huo nataka nikusimulie.

Fremu yangu ya kwanza niliipata mwezi wa nane, vilevile kupitia dalali. Rangi mpya, inatazama barabara kubwa, mwenye nyumba kanishushia hadi elfu themanini. Nikajiona mjanja. Nikapaka maandishi ukutani, nikanunua rimu ishirini, nikasubiri chuo kifunguliwe. Kikafunguliwa. Wanachuo nikawa nawaona kwa mbali wanapita nyuma ya nyumba, kwenye kichochoro kati ya ukuta na shamba la mahindi la mtu, maana njia ile inawafikisha kwenye mageto yao bila kuzunguka. Mbele yangu zinapita bajaji na malori ya mchanga. Nikatengeneza kibao cha mshale. Mwanachuo hafuati mshale, anafuata mwenzake. Na huko kichochoroni kulikuwa na kijana ana mashine moja kuukuu chini ya turubai, waya wa umeme umevutwa kutoka dirishani kwa mtu, na foleni. Nilimchukia yule kijana miezi mitatu nzima. Halafu nikaenda kukaa naye, na ndiye aliyenitafutia fremu niliyonayo hadi leo.

Kwa hiyo "mita mia tatu kutoka geti" ni maneno ya kwenye simu. Geti lipi? Wanatoka nalo saa ngapi? Mwezi wa nane huwezi kuona, kwa sababu miguu yenyewe haipo mjini. Fremu inachaguliwa Novemba, umesimama pale saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, unahesabu.

Sasa kuhusu wanachuo wenyewe. Mji huu una Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho sisi wa zamani bado tunakiita Tumaini, una RUCU ya Wakatoliki, una Mkwawa, ambayo tangu 2005 ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kazi yake ni kutoa walimu, na vyuo vya kati sitaki hata kuvihesabu. Kwa mji wenye watu laki mbili na kidogo, hao ni wateja wengi. Ila hela yao ina kalenda, na kalenda hiyo usipoijua kwa kichwa utafilisika huku mashine ikiwa nzima.

Hela ya mwanachuo ni bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa serikali. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 mwenye mkopo anahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, zamani ilikuwa 8,500, na haiji kila siku wala kila mwezi, inakuja kwa mafungu. Utajua bumu limeingia bila kuambiwa na mtu. Jana yake kijana anakuja na flashi na mia tano, anakuuliza, "Mama, hizi kurasa nne huwezi kuzibana kwenye karatasi moja?" Unambania, herufi zinakuwa kama mayai ya chawa, anashukuru. Kesho yake huyohuyo anaingia na kuku wa chipsi mkononi, mafuta yanadondokea meza yangu: "Mama toa zote, baindi, na ya rafiki yangu pia." Siku tatu mtaa mzima unanukia kitunguu na mafuta. Wiki ya tatu wanarudi kwenye kubana.

Hapo katikati watakukopa. Kopesha, huwezi kuishi nao bila kukopesha, lakini andika namba ya usajili wa chuo. Usiandike jina la utani. Kwenye daftari langu kuna mtu anaitwa Simba ananidai... samahani, namdai mimi, 14,500 tangu 2019.

Na usije na hesabu za fotokopi za zamani. Nilipoanza, mhadhiri anaacha kabrasha moja dukani, darasa la watu mia mbili linakuja kutoa kopi. Leo anatuma PDF kwenye grupu la WhatsApp na wote wanasomea kwenye simu hadi usiku wa mtihani. Kinachobaki cha karatasi ni asaimenti kwa wahadhiri wanaotaka kuishika mkononi, ripoti za filidi, na tafiti za mwaka wa tatu ambazo zinachapwa, zinarudishwa na msimamizi zikiwa na wino mwekundu, zinachapwa tena. Mungu awabariki wasimamizi wakali. Na Mkwawa, kabla hawajatawanyika kwenda kufundisha kwa mazoezi, kila mmoja anataka fomu za azimio la kazi na andalio la somo, tena nyingi, kwa sababu shule ya kijijini anakopelekwa hana uhakika kama kuna mashine. Wiki hiyo moja mimi nalala saa sita usiku.

Halafu wanaondoka. Agosti, Septemba, na kipande kizuri cha Oktoba. Baba, hujaona ukimya. Kihesa ukipita saa mbili usiku unasikia mbwa tu. Mama ntilie aliyekuwa anapika sufuria tatu za wali anapika moja na inabaki. Wauza chipsi wanafunga wanarudi kwao kulima. Na ndipo upepo unapoanza, upepo wa Iringa wa kiangazi, na vumbi jekundu linaloingia hata mlango ukiwa umefungwa. Jina langu humu nililipata hapo: Septemba ya kwanza vumbi liliingia kwenye doramu ya mashine, likachora mstari mweusi katikati ya kila ukurasa, na fundi akaniambia doramu mpya. Hela ya doramu wakati huo ilikuwa ndiyo hela ya kodi. Sasa hivi mashine zangu zinalala zimevikwa khanga mbili mbili kama maiti.

Na kama hujui, makadirio ya kodi ya mapato yanalipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Iangalie hiyo ya Septemba. Mimi siku bumu la Mei likiingia naitenga ya Septemba kwenye akaunti ya peke yake na siigusi hata mtoto akilia.

Lakini kuna kitu kilichonikomboa na ndicho nilichotaka hasa kukuambia. Miezi hiyo wanachuo hawapo, ila wanaotaka kuwa wanachuo wapo. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, maombi ya vyuo na maombi ya mkopo yanakuwa wazi, na watoto wa Ilula, Kilolo, Pawaga, huko vijijini kote, wanashuka mjini na wazazi wao. Mkopo unaombwa mtandaoni, lakini karatasi zake ni nyingi kuliko unavyodhani: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, fomu ichapwe, mdhamini asaini, serikali ya mtaa wagonge mhuri, kamishna wa viapo agonge wa kwake, halafu yote iskaniwe ipakiwe tena. Ada ya maombi yenyewe ni 30,000 na inakwenda Bodi ya Mikopo. Mimi natoza elfu kumi kusimamia kazi nzima, karatasi juu yangu.

Mwaka juzi alikuja mzee mmoja kutoka Kilolo na binti yake. Amevaa koti la suti na kandambili. Vyeti vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, mfuko umefungwa kwenye kitambaa, kitambaa kiko ndani ya kofia. Cheti cha kuzaliwa kinasema jina hili, cha kidato cha nne kimeongeza herufi moja. Herufi moja! Nikamwambia mzee, hapa lazima twende kwa wakili tukaape. Akaniuliza, "Kuapa kwamba mwanangu ni mwanangu?" Tulikwenda. Tukamaliza siku ya pili saa kumi jioni. Binti alipata, yuko mwaka wa pili Mkwawa, na kila akitaka kuchapa kitu anazipita steshenari nyingine mbili kuja kwangu. Mzee huniletea viazi debe zima, mpaka leo sijanunua viazi.

Kwa hiyo wewe unayeingia mwezi wa nane, usianze na fremu. Panga nyumba yenye kibaraza karibu na soko la Kihesa au Mlandege, au omba kona kwenye duka la mtu. Uwe na kompyuta moja, printa inayoskani, intaneti ya uhakika, na hiyo mashine yako. Anza na fomu za watu. Hao watakulipia kodi hadi Novemba, na Novemba utakuwa umeshajua mwenyewe kichochoro kiko wapi.

Jambo la fremu nilisahau. Mwenye nyumba atakwambia kodi ni laki. Uliza, kodi ya zuio yupo anayeilipa? Sheria inataka mpangaji wa biashara akate asilimia 10 kwenye kodi ya mwenye nyumba na kuipeleka TRA. Wenye nyumba wengi hawataki kusikia hilo, wanataka laki yao iwe kamili na hiyo kumi utoe mfukoni mwako. Mliongee kabla ya kusaini, mbele ya mtu. Na wengine watakudai kilemba cha fremu, yaani hela ya kuachiwa fremu mbali na kodi, hasa mjini kati kule Miyomboni. Kwa mtaji wako Miyomboni isahau kwa sasa.

Umeme unapokatika nina betri ya kusukuma printa moja. Maji hapa si tatizo la kuongelea.

Bajaji ya Mafiati

Mama Doramu anajua kazi yake, lakini wacha na sisi wa Mbeya tuseme. Mkuu, sensa ya 2022 iliukuta Mbeya jiji na watu zaidi ya laki tano. Huku chuo kikifungwa hakuna anayegundua isipokuwa watu wa Ikuti kule chuo kikuu cha MUST. Mwanjelwa inauza mwaka mzima. Mteja wako ni mkulima wa mpunga wa Kyela, mfanyabiashara anayeshuka Tunduma, mama wa ndizi wa Tukuyu, dereva wa lori la Zambia aliyelala Uyole kwa sababu gari limeharibika. Iringa barabara ya TANZAM inapita chini Ipogolo, mji uko juu kilimani, msafiri anaishia stendi ya Igumbilo anakula mahindi anaendelea na safari. Hela ya njia haipandi mlima.

Ubaya wetu nausema pia: barabara hiyohiyo inapita katikati ya jiji letu, malori na bajaji na bodaboda kwenye lami moja. Kutoka Uyole hadi Mafiati jioni unaweza kumaliza taarifa ya habari nzima ya redio. Na steshenari huku ziko kama uyoga.

Mama Doramu

Bajaji hujadanganya, la hela ya njia ni kweli. Stendi ilipohamia Igumbilo waliokuwa wanauza pale stendi ya zamani mjini walilia, na wengine hawajasimama hadi leo. Ila huyu kaka mkewe yuko Iringa na ana mtoto wa miaka mitatu. Mbeya na Iringa ni zaidi ya kilomita mia tatu. Hiyo ya kuja mwisho wa wiki inaongelewa na mashemeji tu. Nauli ya mwezi na chumba cha pili ni mshahara wa kijana wa dukani.

Kiazi Mviringo

Mashemeji wa Mbeya ndivyo walivyo.

Mhamaji wa Mbagala

Mama, nimesoma mara mbili, mara ya pili nimemsomea mke wangu kwa sauti. Nilimpigia dalali nikamuuliza geti lipi na njia ipi. Kwanza alisema "yote". Halafu akasema nisimsumbue, kuna mteja mwingine. Leo asubuhi kanitumia ujumbe, bei imeshuka hadi sabini na tano.

Hilo la fomu za mkopo sikuwa nimelifikiria kabisa. Huku Mbagala nilikuwa nazichapa tu, anayejaza ni mtu mwingine pembeni yangu na ndiye aliyekuwa anaondoka na elfu kumi. Nilikuwa naona ni kazi ya usumbufu.

Nimebakisha la nyumba. Mke anaripoti shule iliyo upande wa Mwangata. Tukae Kihesa nilipo mimi au kule aliko yeye? Na hiyo baridi, niseme ukweli, inaniogopesha kuliko TRA.

Mama Doramu

Ikifika sabini usishangae, na bado usitume.

Kaeni upande wa mwalimu. Yeye anatakiwa kengeleni saa moja asubuhi kila siku ya Mungu, wewe mteja wako wa kwanza anaamka saa tatu. Mji huu ni mdogo, daladala moja mjini, nyingine Kihesa, nauli zote mbili hazikuumizi mfuko. Jioni ukikosa gari unatembea, ni kupanda na kushuka, kitambi cha Mbagala kitaisha chenyewe. Vyumba viwili na sebule vyenye maji ndani utapata kwa bei ambayo Dar ungepewa chumba kimoja na choo cha kuchangia na wapangaji tisa. Kagua dari. Nyumba isiyo na dari usiichukue hata kwa bure, bati la Iringa mwezi wa saba ni kama mfuniko wa friji.

Chakula hutalia. Maharage, viazi, nyanya za Ilula, mchele wa Pawaga, vyote vinafika sokoni na udongo wake. Samaki wa bahari ndio utawaota. Mimi miaka kumi bado naota.

Baridi kali ni Juni na Julai, nyie mnafika Agosti imeanza kulegea, mchana jua zuri, ukikaa kivulini unatetemeka. Masweta usinunue madukani huko Dar, watu wa huko hawajui sweta ni nini. Mitumba ya hapa ndiyo yenyewe, imechaguliwa na watu wanaosikia baridi. Mtoto atakohoa wiki mbili za kwanza, mama mkwe atapiga simu arudishwe Dar. Asirudishwe. Wangu alikohoa, sasa mwezi wa saba anatoka nje na fulana, nikimwita avae anakimbia.

Mashine yako ni ya aina gani? Niambie na namba ya modeli, nijue kama fundi wangu ana vipuri vyake, maana kuna zingine doramu zinaagizwa Kariakoo na zinakuja kwa basi siku mbili.

Mhamaji wa Mbagala

Nipo kazini, jioni nikitoka naipiga picha kibati cha nyuma nakutumia. Tiketi tumekata tarehe 6 Agosti. Mashine naiweka wapi kwenye basi, kwenye buti au nibaki nayo?

Mama Doramu

Buti hapana, mlima Kitonga una kona na mabegi ya watu yana mahindi. Toa tona uifunge peke yake kwenye nailoni, na kioo cha juu ukifunge kwa gundi ya karatasi kisifunguke. Mashine ifunge kwa godoro la mtoto, ilipie siti. Mtoto mpakate.